Mwanafunzi Asiyethubutu Kuja Nyumbani

Wiki hii twataka kusema juu ya watoto wetu walioko ng'ambo kwa masomo, hasa walioko Marekani. Wapo wengi ambao wana karatasi zote za kukaa chuoni, ada yao imelipwa, na masomo yao yanakwenda vizuri. Lakini hawathubutu kuja nyumbani, hata kwa wiki mbili. Mama akiugua, watasikia kwa simu. Baba akifa, wataomboleza chumbani peke yao. Wakitoka tu, huenda wasiingie tena, na jasho la miaka mitatu litakuwa limemwagika bure.

Jambo hili watu wengi hawalielewi, kwa hiyo tulieleze polepole. Mzazi hudhani kuwa mtoto akishapata viza, basi ameruhusiwa kukaa mpaka amalize. Sivyo. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi mlangoni. Ruhusa ya kukaa ndani ni jambo jingine kabisa, nayo hudumu maadamu mwanafunzi yuko chuoni na anafuata masharti. Viza yake ikiisha yumo ndani hafanyi kosa lo lote. Lakini siku atakayotoka kwenda kwao, atahitaji viza mpya kabla ya kurudi, na itambidi aiombe nje ya nchi ile. Tangu Septemba 2025 waombaji wameelekezwa kuomba katika nchi ya uraia wao au makazi yao, ambapo zamani wengi waliweza kwenda nchi jirani na kurudi upesi.

Sasa tazama yaliyotokea. Tarehe 4 Juni 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo la kuzuia au kupunguza uingiaji wa raia wa nchi 19. Ndugu zetu wa Burundi walikuwa miongoni mwao, na viza za wanafunzi zilitajwa waziwazi. Tarehe 16 Disemba 2025 likaja tangazo jingine, kuanza kazi tarehe 1 Januari 2026, likaongeza nchi nyingi za Afrika. Tanzania imo. Malawi imo, Zambia imo, Zimbabwe imo, Nigeria imo, Senegal imo. Aliyekuwa na viza iliyo hai siku ile hakunyang'anywa. Lakini viza haikai milele. Ikiisha, mwenyewe yumo ndani na hana pa kupata nyingine, ila kama atahesabiwa kuwa mmoja wa wachache wanaosamehewa. Basi huyo amefungiwa ndani. Mlango wa kutoka uko wazi, lakini wa kurudia umefungwa.

Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba raia wa nchi hizi wamekuwa wakizidisha muda waliopewa. Hatutaki kudanganya. Wapo waliokwenda kusoma wakaacha chuo na kujificha mijini. Hao wamewakosea wenzao, na leo kijana mwaminifu analipa deni asilolikopa. Twasema hivyo kwa uchungu, kwa maana chama kisichowaambia watu wake ukweli hakina haki ya kuwaambia wengine.

Lakini hebu tuitazame hoja yenyewe. Sheria ya Marekani inamtaka kila anayeomba viza ya mwanafunzi athibitishe kuwa ana makao kwao na kwamba hana nia ya kuyaacha. Ofisa humwuliza: Una nini nyumbani? Una nani? Utarudi? Kijana hujibu kuwa ana wazazi, ana ndugu, ana nchi inayomngojea. Hupewa viza kwa sababu ya jibu hilo. Kisha akitaka kwenda kuwaona wazazi wale wale, anaambiwa kuwa akienda hatarudi. Yule anayekwenda kwao kila likizo ndiye anayeonyesha kwa vitendo kuwa hakuhama, na ndiye anayeadhibiwa. Yule asiyetoka kamwe, aliyekwisha kata mizizi, hana shida. Je, sheria ya namna hii itawafundisha watu kurudi makwao, au itawafundisha kutotoka?

Wapo watakaosema: hao ni watoto wachache wa wenye uwezo, mkulima wa Kigoma yamhusu nini? Twawajibu kuwa si kila aliyeko kule ni mtoto wa tajiri. Wengine wamekwenda kwa msaada wa vyuo, na nauli ilichangwa na ukoo mzima, huyu akiuza ng'ombe, yule akitoa akiba ya mazao. Ada ya kuomba viza peke yake ni dola 185, na nyingine 350 za kuandikishwa katika daftari la serikali yao la wanafunzi wa kigeni. Fedha hizo hazirudishwi hata ukikataliwa. Mkulima wa Kigoma yamhusu sana.

Tena kusoma ng'ambo si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akarudi 1952 na shahada yake, na nchi nzima inajua alichokuja kuifanyia. Mwaka 1959 ndege ilichukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake. Mwaka uliofuata wakaenda wengine, na Wangari Maathai akiwa mmojawapo. Huyu hakurudi Kenya mpaka mwanzo wa 1966. Wakati ule nauli ilikuwa ghali na njia ndefu, basi mtu alivumilia. Leo ndege ni siku moja tu, lakini kijana wetu amerudishwa katika hali ile ile ya kwenda mara moja na kurudi mara moja. Tofauti ni kuwa zamani alizuiwa na umbali, na leo anazuiwa na karatasi.

Basi tufanye nini?

Wapo wanaotaka tulipize. Mali na Burkina Faso zilitangaza Disemba 2025 kuwa raia wa Marekani nao watatendewa vivyo hivyo. Hiyo ni haki ya kila nchi huru, wala hatuwalaumu. Lakini kisasi peke yake hakimrudishi mwanafunzi hata mmoja darasani. Sisi twataka mambo manne.

La kwanza, serikali yetu iombe kwa nguvu, na iombe pamoja na nchi nyingine zilizotajwa, kuwa mwanafunzi aliyekwisha anza masomo aruhusiwe kwenda kwao na kurudi mpaka amalize. Hatuombi upendeleo kwa asiyekwenda bado. Twataka ahadi itimizwe kwa yule aliyekwisha pokelewa, akalipa, akatii sheria.

La pili, balozi zetu ziwe na daftari la wanafunzi wote. Isiwe mtoto amekwama uwanja wa ndege na ubalozi haujui hata jina lake.

La tatu, aliyekwama nyumbani asitupwe. Vyuo vyetu vimpokee na vihesabu masomo aliyokwisha faulu, asianzishwe upya kama aliyetoka skuli jana. Chuo chetu kikuu kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Hatukungoja jumba la fahari. Kama wazee waliweza kupokea chuo kizima katika ofisi za chama, sisi hatushindwi kupokea vijana hawa.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, yaliyoanza tarehe 1 Julai 2010, yanamhesabu mwanafunzi kuwa miongoni mwa wanaostahili kuvuka mipaka yetu. Tujiulize kama kijana wa Burundi anayesoma kwetu, au wa kwetu anayesoma Uganda, anavuka kwa heshima kila likizo, au anazungushwa dirisha kwa dirisha. Hatuwezi kulalamikia mlango wa mwingine huku wa kwetu una makufuli.

Nanyi vijana mlioko huko, sikilizeni neno la ndugu zenu. Kabla ya kukata tiketi, tazameni mambo matatu: pasi iwe na miezi sita au zaidi mbele yake, viza iwe hai na iwe bado yaruhusu kuingia, na ile fomu ya I-20 iwe imetiwa sahihi ya safari na ofisa wa chuo ndani ya miezi kumi na miwili. Moja likikosekana, msitoke kabla ya kumwuliza ofisa huyo. Msisikilize maneno ya barazani wala ya rafiki aliyesafiri mwaka juzi, maana sheria za mwaka juzi si za leo.

Nanyi wazazi, mtoto akisema hawezi kuja mazishini, msimwite mwenye moyo mgumu. Mwulizeni viza yake inaisha lini. Huenda analia kuliko ninyi.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Twawatuma watoto wetu duniani kwa sababu twataka warejee. Kila serikali inayosema kuwa inataka warejee kwao, basi isiwafanye waogope kurejea.