Bomba la moshi likiungwa vibaya, jiko hugeuka muuaji

Msimu mmoja wa baridi, rafiki yangu alinialika kulala kwake Limuru. Alikuwa amenunua jiko jipya la chuma la kuchomea kuni, na bomba lake la moshi lilikuwa limeingizwa ukutani, kwenye dohani ya mawe ya tangu enzi za mzungu aliyeijenga nyumba hiyo. Tuliota moto, tukasifu jiko, kisha tukalala.

Asubuhi watu wote watano tuliamka vichwa vikituwanga. Mtoto alikuwa akitapika. Mama mwenye nyumba alisema ni homa iliyoenea mtaani, akataka kutuma mtu dukani alete dawa. Lakini baada ya kuketi uani kwa saa moja hivi, sote tulianza kupata nafuu. Je, ni homa gani hii inayopungua kwa mtu kutoka nje tu?

Fundi alipoitwa, alilichomoa bomba lile kwa mkono mmoja. Tundu la ukutani lilikuwa pana kuliko bomba, na pengo likajazwa simiti ya kawaida ambayo ilikuwa imekwisha kupasuka kwa joto. Isitoshe, bomba lilisukumwa ndani mno hadi likakaribia kugusa ukuta wa pili wa dohani. Moshi ulikosa njia ya kupanda, ukaturudia sisi.

Yafaa ieleweke kwamba moshi unaoonekana sio adui mkubwa. Huo hukukohoza, nawe ukafungua dirisha. Adui ni hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka mwilini, lakini haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, na akiwa usingizini huenda asiamke kamwe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020 duniani kote.

Wasomaji wengi wa mijini wanajua kwamba jiko la makaa halifai kuingizwa chumbani. Kinachonitia wasiwasi ni kuwa mtu akishanunua jiko lenye bomba, hujiona amekwisha kuepuka hatari. Hufunga madirisha yote na kulala fofofo. Jiko la namna hiyo, bomba lake likiwa limeungwa ovyo, laweza kuwa baya kuliko lile la makaa kwa sababu limeaminiwa.

Na kosa hutokea wapi? Kwa maoni yangu, hutokea kati ya mafundi wawili. Fundi wa vyuma hutengeneza jiko na bomba, akasema kuta si kazi yake. Mwashi naye hutoboa dohani, akasema vyuma havimhusu. Ile nafasi ndogo bomba linapokutana na jiwe haina mwenyewe. Kila atakaye jiko kama hili na awaite wote wawili siku moja, na asimlipe yeyote kabla kiungo hicho hakijakaguliwa moto ukiwaka.

Mambo ya kudai si mengi. Tundu la ukutani liwekewe mkono wa chuma au wa udongo uliochomwa, na bomba liingie humo. Ncha ya bomba iishie pale pale ukuta wa ndani wa dohani unapoishia, isijitokeze ndani. Pengo lizibwe kwa simiti maalumu ya kuhimili moto. Bomba lipande kidogo kuelekea dohani, wala lisiinamie huko. Kila kiungo kikazwe kwa skrubu tatu, na kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili majimaji meusi ya moshi yarudi jikoni badala ya kudondoka sebuleni. Bomba jembamba lisilo na kuta mbili likae si chini ya sentimita 45 kutoka kwa mbao, dari au pazia.

Dohani yenyewe isisahauliwe. Zile za zamani aghalabu zina nyufa, masizi mazito na hata viota vya ndege. Isafishwe na kukaguliwa kabla ya bomba kuungwa, kisha angalau mara moja kila mwaka, ikiwezekana kabla ya baridi ya Juni. Dohani moja ihudumie jiko moja tu. Kuni nazo ziwe kavu, kwa kuwa mbichi hufuka moshi mwingi na kuijaza dohani utando unaoweza kushika moto.

Wakaguzi wa majengo katika kaunti zetu nao wasiishie kutazama kuta na ngazi. Nyumba ikiwa na jiko la kuni, waulize moshi unapitia wapi.

Nawe msomaji, ukiona jamaa nzima inaumwa na kichwa siku moja, na wanapata nafuu wakitoka nje, usikimbilie dukani kununua dawa za homa. Toeni watu nje, zimeni moto ikiwa hakuna hatari ya kufanya hivyo, na mwende hospitali mara moja mkaeleze kwamba mlikuwa mkiota moto. Sisi hatukwenda. Tulibahatika tu, na bahati si kinga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa huu wa bomba, huenda asibaki mtu wa kuujenga ukuta huo.