Si ya wenye pupa

Wanaolalamika kwamba Battlestar Galactica Deadlock inajivuta, siwaelewi kabisa. Gemu hii ya mwaka 2017, kazi ya Black Lab Games wa Australia, haitaki vidole vyepesi, inataka kichwa. Unapanga amri za meli zako za angani, Cylon, maroboti walio adui zako, nao wanapanga zao, halafu pande zote mbili zinatekeleza kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hufuati adui alipo, unakisia atakapokuwa. Ukikisia vibaya, meli zako zinavaana zenyewe kwa zenyewe huku adui akikutazama tu.

Kilichonikosha zaidi ni udukuzi. Katikati ya pambano Cylon wanaingilia mitambo yako, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini kwenye tamthilia ya Battlestar Galactica kamanda Adama alikataa katakata kompyuta za meli yake, Galactica, ziunganishwe kwa mtandao. Gemu inasimulia vita ya kwanza kati ya binadamu na Cylon, miaka mingi kabla ya matukio ya tamthilia hiyo, lakini somo ni lile lile. Mazungumzo ya wahusika, tusidanganyane, yamepooza.

Kwa wanaoanza: angani kuna juu na chini pia. Msipange meli zote usawa mmoja.