Kiendelezi si msingi wa biashara

Juzi rafiki yangu, msanidi programu kama mimi, aliniambia anaacha programu yake ya simu ili ajenge kiendelezi cha Chrome. Eti msimbo mmoja unafanya kazi kila mahali. Kila mahali wapi, ndugu? Chrome ya Android haikubali viendelezi, na wateja wake ni wenye maduka ambao kompyuta yao ni simu. Ubishi ungeishia hapo, ila yeye ni mbishi na mimi pia.

Anasema kujisajili kwenye duka la Chrome ni dola 5, Google Play ni 25. Kweli. Lakini kama dola 20 ndizo zinaamua, bado huna biashara.

Mnaikumbuka FireFTP? Ilikuwa inahamisha mafaili hadi kwenye seva ukiwa ndani ya Firefox. Novemba 2017 ikatoka Firefox 57, viendelezi vyote vya mtindo wa zamani vikazimwa, na mfumo mpya haukuwa na soketi za TCP. FireFTP ikafa hivyo, bila kosa lolote la aliyeiandika. FileZilla, programu ya kusakinisha iliyoanza 2001, bado ipo na inafanya kazi ile ile.

Halafu uBlock Origin. Ilikuwa na mamilioni ya watumiaji, lakini Manifest V3 ikaondoa uwezo ilioutegemea, na kufikia 2025 ilikuwa imezimwa kwenye Chrome. Raymond Hill akabaki na toleo la Lite, lenye nguvu pungufu. Kama yeye alisukumwa, wewe na watumiaji wako arobaini je?

Mimi mwenyewe nimeungua. Niliandika kiendelezi cha kusoma taarifa za akaunti kwenye tovuti ya benki fulani. Mwisho wa mwezi wakabadilisha ukurasa, jedwali likarudi tupu, na mhasibu wa mteja akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Baadaye nikaandika programu ndogo ya Windows inayosoma faili la CSV ambalo benki yenyewe inatoa. Nampelekea mteja kwa flashi, siombi ruhusa ya duka la mtu. Tangu hapo nalala.

Ukitaka tu kurekebisha ukurasa wa mtu mwingine, sawa, andika kiendelezi, wikendi moja inatosha. Usikikopee pesa.

Rafiki yangu bado hajanijibu kuhusu Android.