Gari Si Ngozi ya Mtu

Asubuhi moja ya mwezi Mei, mwaka 2022, nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa hapa Soweto, Mbeya, nikisubiri vijana wamalize kuosha gari langu. Pembeni yangu alikuwa shemeji, mwalimu mstaafu, ambaye kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alikuwa ameagiza gari dogo jeusi kutoka Japani. Kijana mmoja mwenye maneno matamu alikuwa akimweleza habari za kinga. "Mwalimu," akasema, "gari lisilopakwa waksi ni sawa na mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta. Si unaona ngozi zinavyopauka na baridi hii?" Shemeji akacheka, akatoa shilingi 180,000 kwa ajili ya kung'arishiwa gari na kupakwa dawa ya kuziba rangi, ambayo aliambiwa ingelilinda na jua kwa miaka mitano. Mimi nilikuwa na la kusema, nikanyamaza. Nyumbani kwa watu na mbele ya shemeji yako, fedha za mwenzio huziingilii.

Sasa nasema, ingawa nimechelewa.

Mfano ule wa ngozi na mafuta nimeusikia tangu utoto, na sitaki kuwadhihaki wanaousema, maana zamani ulikuwa na ukweli ndani yake. Sisi tuliokua enzi za Land Rover na Peugeot 504 tunakumbuka rangi za magari yale. Rangi yenyewe ndiyo iliyokuwa juu kabisa, haina kitu kilichoifunika. Jua likiipiga miaka kadhaa hupauka, ikawa na ungaunga kama chaki, na gari jekundu likageuka la waridi. Mwenye gari alichukua kitambaa na dawa ya kopo, akasugua Jumamosi nzima, kitambaa kikawa chekundu kama kimechinjiwa kuku, na chini yake rangi ikarudi. Kisha akapaka nta, na mafuta yaliyokuwa ndani ya nta ile yakazama katika rangi kavu yakaikoleza. Kwa gari la namna hiyo, naam, ilikuwa kama kumpaka mtoto mafuta.

Lakini gari la shemeji si la namna hiyo, wala langu, wala mengi ya haya yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupanda mpaka huku. Tangu miaka ya 1980 viwanda vya Japani na vya Ulaya vilizidi kutumia tabaka mbili: chini rangi, juu yake vanishi angavu isiyo na rangi. Ukiligusa gari, unagusa vanishi. Nayo ni plastiki iliyokaushwa kwa moto kiwandani. Haina vinyweleo, hainywi mafuta, haisikii kiu. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mwako ni mnene zaidi. Ndani ya unene huo mdogo kiwanda kimetia kemikali zinazomeza miale mikali ya jua. Hiyo ndiyo kinga ya kweli ya gari, na hakuna fundi wa mitaani anayeiongeza kwa sponji.

Sasa, gari hung'aa kwa nini? Hung'aa kwa sababu uso wake ni laini, mwanga unaruka kwa pamoja kama kwenye kioo. Likiwa na mikwaruzo, mwanga hutawanyika, tunasema limefifia. Fundi anayeling'arisha hawezi kuongeza ulaini bila kupunguza kitu: anasaga vanishi mpaka ifikie usawa wa mikwaruzo. Akiifanya kazi hiyo vizuri, gari limekwisha kung'aa kabla kopo la nta halijafunguliwa. Utandu wa nta, ambao kwa kawaida haufiki hata maikroni moja, ukipakwa juu ya uso uliokwisha kuwa laini, jicho la mwanadamu haliuoni. Na ukiuona umeleta tofauti kubwa, basi ujue fundi aliacha mikwaruzo, nayo nta imeijaza kama mtu anayeziba nyufa za ukuta kwa sabuni. Mvua chache tu, nyufa zinarudi.

Hili sikulisoma tu. Mwezi Desemba mwaka ule ule, masika yalipoanza kwetu, nililing'arisha boneti la gari langu mwenyewe, taratibu, kwa siku mbili. Kisha nikabandika utepe wa karatasi katikati. Upande wa dereva nikapaka nta nzuri, ile ngumu inayotokana na majani ya jamii fulani ya mchikichi wa Brazil. Upande wa pili sikupaka kitu. Nikabandua utepe, nikaita watu. Nilimwita fundi rangi, jirani mwenye duka, mke wangu, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akielekea Tunduma. Nikawaambia wanionyeshe upande uliopakwa. Wawili walikosea, mmoja alipatia, na yule dereva akasema, "Mzee, unatupotezea muda." Mke wangu ndiye aliyepatia, na baadaye akakiri kwamba aliniona nikipaka.

Ila nikamwagia maji, na hapo hakuna aliyebisha. Upande wa dereva maji yalijikusanya matonematone yakakimbia; upande wa pili yalitanda kama shuka. Kwa wiki nne au tano upande wenye nta ulioshwa kwa wepesi zaidi, matope ya barabara ya Mbalizi yaliachia haraka, na kinyesi cha kunguru kilibanduka bila kusuguliwa sana. Huo ni msaada, sitaukana. Kisha kijana mmoja akaliosha gari kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo, na kufikia Februari maji yakatanda pande zote mbili sawasawa. Zile dawa za kuziba rangi zilizotengenezwa viwandani hudumu kuliko nta, miezi kadhaa, na hizi mpya zenye asili ya silika hudumu zaidi. Lakini kazi yao kubwa ni ile ile: kufukuza maji na kurahisisha uoshaji. Mtu akikuuzia kwa sifa hiyo, mlipe, ni mtu mkweli.

Akikuuzia kinga ya jua, mwulize maswali. Mbeya mjini tuko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale mikali ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila upandapo mita 1,000. Baridi yetu hutudanganya. Tunavaa makoti huku jua likila mapaa ya magari. Utandu usiofika maikroni moja, unaopitisha mwanga kama dirisha, utazuia nini hapo? Kivuli ndicho kinachozuia. Bati nne, nguzo sita na misumari.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo, maana kama ingekuwa ni shilingi 180,000 tu zilizopotea, nisingeandika. Shemeji alikuwa amekwisha kununua nguzo za banda la gari. Siku ile aliporudi nyumbani akasema banda halina haja tena, gari lina kinga. Nguzo akazitumia kwenye uzio wa kuku. Gari likalala uwanjani. Tena kila baada ya miezi minne, akiona kung'aa kumepungua, alilirudisha kwa vijana "likaamshwe," nao kila mara walisaga kwanza kwa dawa ya kusugua, kisha wakapaka. Hesabu mwenyewe: vanishi nyembamba kuliko unywele, gari lililokwisha kutumika miaka zaidi ya kumi huko lilikotoka, na mashine ikipita juu yake mara tatu kwa mwaka. Kilichokuwa kikiitwa kinga ndicho kilichokuwa kikiiondoa kinga. Mwaka 2025 paa lilianza kutoa mabaka meupe, yakachanika pembeni kama ngozi ya mtu aliyeungua, na hapo mfano wa yule kijana ukapata maana ambayo hakuikusudia. Fundi rangi akamwambia hakuna waksi ya ugonjwa huo. Ni kupiga rangi upya. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni hilo ni jambo zito, na gari lile alilinunua ili alikodishe kwenye harusi na sherehe. Nani atamkalisha bibi harusi kwenye gari lenye mabaka?

Najua nitakavyojibiwa. Watasema vijana nao wanatafuta riziki. Ni kweli, na mimi huwapa kazi kila juma. Kuosha peke yake hakulipi. Faida iko kwenye makopo. Hata hivyo riziki yao ingeweza kuwa palepale walipo, bila uongo: ndoo mbili badala ya moja, ya sabuni mbali na ya kusuuzia, kitambaa kisafi kwa kila gari, si lile dambwe lililofuta magurudumu ya lori kisha likapanda kwenye boneti la mwalimu na mchanga wake, sabuni ya magari badala ya ya nguo. Mikwaruzo ile ya mviringo unayoiona jua likipiga, kama utando wa buibui, mingi haikuletwa na jua wala vumbi la njiani. Ililetwa na kuoshwa. Tunalikwaruza gari Jumamosi kwa kitambaa, tunalisaga mwisho wa mwezi kuondoa mikwaruzo, tunalipaka nta kujipongeza. Mimi ningelipa mara mbili kwa kuoshewa vizuri, na nimewaambia hivyo. Wawili wamenisikiliza.

Watasema pia kwamba nta ina raha yake, mtu akipaka gari lake mwenyewe Jumapili jioni moyo hutulia. Hapo sina ubishi kabisa. Anayependa na apake. Nami nilipenda.

Shemeji alikuja kwangu mwaka jana kuazima msumeno. Hakunilaumu, ila aliniuliza swali moja: "Shemeji, siku ile pale Soweto, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilikuwa najua nusu. Akatikisa kichwa, akachukua msumeno. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsaidia kuchimba mashimo ya nguzo, tukaezeka bati jioni ile ile kabla mvua haijashuka. Nilibeba na kopo langu la nta lililobaki, tukapaka majembe yake yote. Hayajashika kutu.