Tumbawe si pambo la tangi

Huenda umefuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni kwa mwaka mmoja au miwili, wakanawiri, na sasa watoto wanakusumbua wakitaka matumbawe kama yale waliyoyaona Malindi. Hamu hiyo ni njema. Lakini kabla hujatumbukiza hata kipande kimoja, nitegee sikio. Mimi mwenyewe niliwahi kuua vipande vinne kwa siku tatu, ilhali samaki wangu waliendelea kuogelea raha mustarehe.

Kosa langu lilikuwa nini? Miezi kadhaa awali, samaki walishikwa na ugonjwa wa madoa meupe, nami nikatia dawa yenye shaba katika tangi lilo hilo. Walipona. Kumbe shaba hunata kwenye mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo. Samaki huweza kuivumilia kwa kiasi. Matumbawe, kamba na konokono hawaiwezi. Ikiwa tangi lako limewahi kutiwa dawa hiyo, badilisha mawe na mchanga wote, kisha upime maji.

Tumbawe si jiwe, wala si ua. Ni mnyama, na mwilini mwake mna viumbe vidogo vya mwani vinavyomtengenezea chakula kwa mwanga. Taa iliyotosha kukuonyesha samaki haitamtosha yeye. Nunua taa ya matumbawe, na uongeze saa za kuiwasha polepole, la sivyo utamchoma.

Maji nayo yana masharti. Chumvi iwe gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, nayo iwe ile maalum ya matangi, si ya jikoni. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Kalisi, ambayo matumbawe magumu hujengea mifupa, iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Nitrati, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ikizidi miligramu 10 kwa lita, punguza kulisha na ubadilishe sehemu moja kwa kumi ya maji kila wiki. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vyema. Chumvi haikauki pamoja na maji, hubaki tangini.

Wapangaji je? Kikande, bunju na vitatange wengi hula matumbawe au hudonoa wanyama wadogo wanaoishi nayo. Watafutie makao mengine mapema.

Anza na matumbawe laini, ambayo ni mavumilivu, tena vipande viwili tu. Hata hivyo, vaa glavu na ulinde macho. Aina fulani, zile zinazofanana na vifungo vya rangi, zina sumu kali. Kamwe usichemshe mawe yenye matumbawe jikoni: mvuke wake unaweza kulaza familia nzima hospitalini.

Na usiende baharini kujing'olea. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na humo huruhusiwi kuondoka hata na kombe. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, ambavyo muuzaji anaweza kukueleza vilikotoka.

Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Ajali hiyo hiyo yaweza kutokea sebuleni kwako, kifaa cha kupasha maji joto kikiharibika wakati umesafiri. Basi, mfunze kila mtu nyumbani kusoma kipimajoto, na uweke pampu ya betri kwa ajili ya siku stima inapopotea.

Jipe miezi kadhaa kuyatimiza haya yote. Kawia ufike.