Fulana ya Mdhamini na Waqfu Tuliousahau



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, liko swali linalotujia madrasa kila karatasi ya ruhusa inapoletwa nyumbani kutoka shuleni: "Mwalimu, mtoto aende kwenye maonyesho ya sayansi au abaki?" Mzazi mmoja anauliza kwa sababu maonyesho yamepangwa Ijumaa na hakuna aliyeikumbuka saa ya Swala. Mwingine anauliza kwa sababu mafunzo ya kompyuta yamewekwa Jumamosi asubuhi, nayo ndiyo siku ya madrasa. Wa tatu analo zito zaidi: kila mshiriki atavaa fulana, na kifuani mwa fulana hiyo limeandikwa jina la kampuni ya kubeti.

Majibu yanayotolewa katika baraza zetu ni mawili. Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya dunia, mtoto abaki amalize juzuu yake. Na wapo wanaosema kwamba cha bure hakiulizwi, mtoto aende avae anachopewa. Sisi tunasema majibu yote mawili yanaukwepa ukweli mmoja: anayetoa fedha ndiye anayepanga siku, anayechagua jina na anayeshona fulana. Ukiwa hukutoa kitu, huna kiti katika kikao cha kupanga.

Padri na shirika la ndege

Tuanze na ndugu zetu wanaosema haya si mambo ya watu wa dini. Huko Ireland yapo maonyesho ya wanasayansi vijana yaliyoanza mwaka 1965 mjini Dublin. Walioyaanzisha ni wahadhiri wawili wa fizikia, Tom Burke na Tony Scott, waliokuwa wameona maonyesho ya namna hiyo Marekani. Na huyo Tom Burke alikuwa padri wa Kikatoliki! Mwaka wa kwanza waliingia washiriki 230. Wakaliendea shirika la ndege la Aer Lingus, likawa mdhamini kwa zaidi ya miaka 30. Zikafuata kampuni za simu, ya mwisho ikiwa BT, iliyodhamini mpaka mwaka 2025.

Sasa tazameni matunda. Mwaka 2005 mshindi alikuwa kijana wa miaka 16, Patrick Collison, aliyetunga lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Yeye na ndugu yake John baadaye wakaanzisha Stripe, kampuni ya malipo kwa njia ya intaneti inayojulikana dunia nzima. Kuanzia mwaka 2026 mdhamini wa maonyesho yale yale ni Stripe. Mtoto aliyelelewa na maonyesho amekua, amerudi kuwalea wengine. Hilo ndilo tunalolikosa pale tunapomzuia mtoto mlangoni kwa kisingizio cha dini.

Mbegu hiyo ikavuka bahari. Watanzania kwa kushirikiana na Waireland walianzisha Young Scientists Tanzania mwaka 2011, na maonyesho ya kwanza yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Kenya nayo ikafanya ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2018. Wanafunzi wa sekondari huchagua tatizo la kwao wenyewe, kama maji machafu, mazao yanayooza ghalani au moshi wa jikoni, wakalichunguza na kulieleza mbele ya majaji. Huo ni utafiti wa kweli, haukaririwi kwa ajili ya mtihani.

Na nani alilipia Tanzania? Serikali ya Ireland kupitia mfuko wake wa misaada, kampuni ya gesi ya BG, kisha Shell iliyoinunua BG mwaka 2016. Lakini katika orodha hiyo limo jina moja ambalo Muislamu wa Afrika Mashariki asilipite haraka: Karimjee Jivanjee Foundation, taasisi ya familia ya Waislamu wenye asili ya Kihindi iliyoanza biashara Zanzibar katika karne ya 19. Taasisi hiyo imewalipia washindi masomo ya chuo kikuu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Limewezekana kwa familia moja. Je, misikiti mingapi inashindwa kwa pamoja kufanya kilichofanywa na ukoo mmoja?

Kampuni ina haja yake

Sasa tuwageukie wanaosema cha bure hakiulizwi. Ndugu yangu, hakuna cha bure hapo. Kampuni inayotafuta gesi baharini inahitaji wahandisi wa kesho na inahitaji jina zuri leo. Hatusemi kwamba ni dhambi kuwa na haja. Mfanyabiashara yeyote anayo. Tunasema mzazi aijue haja hiyo kabla ya kutia saini.

Mfano upo. Mwaka 2021 Jumba la Sayansi la London lilifungua maonyesho kuhusu njia za kuiondoa hewa ukaa angani, na mdhamini wake alikuwa Shell, kampuni ya mafuta na gesi. Ikafichuka kwamba mkataba ulikuwa na kifungu kinacholizuia jumba hilo kusema au kufanya jambo la kuliharibia kampuni jina. Hebu tafakari: mahali pa kumfundisha mtoto kuuliza maswali pamefungwa mdomo kwa mkataba! Ikiwa hayo yamelipata jumba kubwa la London lenye wanasheria wake, shule yetu ya kata itakuwa na nguvu gani mbele ya meneja masoko aliyekuja na hundi?

Kisha lipo la halali na haramu. Suratul Maidah, aya ya 90, imeiweka pombe na kamari pamoja katika uchafu wa kazi ya shetani. Hapa Afrika Mashariki kampuni ya bia ya EABL ilianzisha taasisi yake ya hisani mwaka 2005, na katika kazi zake ni kuwalipia karo ya chuo kikuu wanafunzi werevu wasio na uwezo. Na kampuni za kubeti zimejaa katika vifua vya wachezaji wa mpira ambao watoto wetu wanawapenda. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya kupokea msaada kutoka katika mali iliyochanganyika, na mwenye dharura yake amuulize sheikh wake. Hatutoi fatwa hapa. Lakini kupokea ni jambo moja, na kutangaza ni jingine. Mtume (s.a.w.) hakumtaja mnywaji peke yake katika laana ya pombe, alitaja watu kumi, wakiwemo mbebaji na muuzaji. Basi mtoto wa miaka 14 anayezunguka mji mzima na jina la bia au la kubeti kifuani, anafanya kazi ya nani? Hilo halihitaji kitabu kikubwa kulijua.

Serikali haitufanyii hisani

Mashirika ya umma tunayaweka mbali na kampuni, kwa sababu fedha zake ni zetu. Muuza ndizi Muislamu wa Mbale analipa kodi kama wengine. Huku Uganda tangu katikati ya miaka ya 2000 serikali iliamua kwamba fizikia, kemia na baiolojia ni masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya chini. Vizuri sana. Lakini aliyeamuru somo ndiye anayewajibika kwa maabara ya somo hilo. Haiwezekani mtoto wa mjini aguse hadubini na mtoto wa kijijini aichore kutoka ubaoni, kisha wote wawili wapewe mtihani mmoja.

Kwa hiyo tunapoiambia wizara isiweke mashindano Ijumaa saa saba mchana, hatuombi fadhila. Tunaposema binti avae hijabu yake na koti la maabara juu, kwa utaratibu ulio salama mbele ya moto, hatuombi upendeleo. Tunaposema basi la wanasayansi lifike na kwenye shule za Kiislamu zilizo mbali na barabara ya lami, tunadai haki. Wazazi wayaseme haya kwenye kikao cha shule, kwa adabu na kwa maandishi, mwanzoni mwa mwaka, kabla ratiba haijapigwa muhuri.

Msikiti ulipokuwa mdhamini

Sasa tufike penye uchungu wenyewe. Jamii yetu inalalamikia fulana ya mdhamini, na yenyewe haikushona fulana. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatukuwa hivi. Katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, katika karne ya 14, alikuwapo mtu anayeitwa Ibn al-Shatir. Kazi yake ilikuwa muwaqqit, yaani mtunza nyakati za Swala. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa zama zake. Mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti ule, na alitunga hesabu za mwendo wa mwezi na sayari ambazo wanahistoria wa sayansi wanazisoma mpaka leo. Hakuhitaji kampuni kuja na bango, kwa kuwa cheo chake kilikuwa ndani ya msikiti, na misikiti na madrasa za zama zile ziliendeshwa kwa waqfu: mashamba, maduka na nyumba ambazo mapato yake yalilipa mishahara ya watu wake.

Na msingi wake tunaujua. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimuuliza Mtume (s.a.w.) aifanyeje, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka. Hapo ndipo ulipo ubora wa waqfu juu ya udhamini. Meneja akibadilishwa, bajeti ya matangazo hukatwa na maonyesho hufa. Waqfu haubadilishwi na meneja.

Wala tusiende Damascus pekee. Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyefariki mwaka 1991, alitoa ardhi yake juu ya kilima cha Kibuli, Kampala. Leo pale pana msikiti, shule na hospitali. Madaktari wangapi wa Kiislamu wamepita katika madarasa ya Kibuli! Huyo alifahamu maana ya sadaka inayoendelea.

Tufanye nini?

Kwanza, hesabu ndogo. Misikiti 20 ya wilaya moja, kila mmoja ukitenga shilingi 50,000 za Uganda kwa mwezi, ni shilingi milioni 1 kwa mwezi na milioni 12 kwa mwaka. Sehemu ilipie nauli, betri, waya na vifaa vya kupimia maji. Sehemu iwekwe mpaka ijenge vyumba viwili vya duka, na kodi ya maduka hayo ndiyo iwe waqfu wa sayansi wa watoto wetu. Fedha hizi zitoke katika sadaka na waqfu. Zaka ina watu wake wanane katika Suratut Tawba, aya ya 60, na mwanafunzi fakiri anaweza kuingia humo kwa ufakiri wake.

Pili, madrasa ifungue milango yake Jumapili moja kila muhula kwa maonyesho yake yenyewe. Vijana wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, waalikwe wawe majaji na kaka na dada wa kuwaongoza wadogo zao.

Tatu, kampuni yenye biashara ya halali ikija, ikaribishwe kwa heshima na kwa karatasi: hakuna kifungu cha kufunga midomo, hakuna fulana ya lazima, Swala iheshimiwe. Ikikubali, jazakumullahu khairan. Ikikataa, tuna chetu.

Nanyi wanafunzi, nendeni kwenye maonyesho. Ulizeni, pimeni, andikeni. Mkipewa vazi lisilowafaa, likunjeni mlirudishe kwa maneno mazuri, kisha simameni mbele ya majaji na sare zenu za shule mkieleze mlichokigundua. Hakuna jaji mwadilifu atakayeipima kazi yenu kwa fulana.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazee wao mikono ya kutoa kabla ya midomo ya kulalamika. Amin.

Wabillahi tawfiq.