Mkono Hujifunza kwa Kutenda

Wengi wetu tukimwona mtoto mwenye mtindio wa ubongo akihangaika kufunga kifungo cha shati, hukimbilia kumfungia. Huo twauita wema. Kwa maoni yangu, wema wa namna hiyo ukizidi humnyima mtoto haki ya kujifunza.

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha au dosari inayoupata ubongo ungali ukikua: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka yake ya mwanzo. Si laana, wala hauambukizi. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa takribani watoto 3 katika kila 1,000 wanaishi na hali hii. Jeraha lenyewe haliponi, lakini ubongo wa mtoto bado waweza kujifunza njia mpya za kuuongoza mkono.

Njia hizo hazijengwi kwa kumnyoosha mtoto vidole huku ametulia tu. Hujengwa kwa kutenda. Kwa mtoto aliyedhoofika upande mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi anaweza kuuvika mkono wenye nguvu glavu kwa saa kadhaa kila siku, kwa majuma machache, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Yapo pia mazoezi ya mikono miwili: mmoja ushike chupa, mwingine ufungue kizibo, mmoja ushike ndizi, mwingine uimenye. Katika njia zote mbili, kazi iwe ile ambayo mtoto mwenyewe anataka kuiweza, nayo irudiwe mara nyingi.

Mtaalamu humwona mtoto kwa muda mfupi. Familia na shule huwa naye siku nzima. Wapo watakaosema kuwa mwalimu mwenye wanafunzi 80 hana nafasi ya kumsubiri mmoja. Hoja hiyo ina uzito, nami ni mwalimu, naijua. Hata hivyo, kumpa mtoto zamu ya kufuta ubao au kugawa madaftari hakuhitaji bajeti.

Kinachohitaji bajeti ni wataalamu wa kutosha, na hao hatuwaombi kama hisani. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 26 kinataka huduma za utengamao zipatikane karibu iwezekanavyo na jamii, hata vijijini.

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Basi nawe mwanafunzi, kalamu ya mwenzako ikimponyoka, usiharakishe kumwandikia. Muulize kama anataka msaada au anataka muda. Na siku viongozi wa wilaya yako watakapokuja kuomba kura, waulize mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu yuko umbali gani.